Nyasi za Ndani ya Uzio

"Kama barafu haikushuka, mwanangu, basi hiki ni nini?"

Mwanamke aliyeniuliza alikuwa amesimama nje ya uzio wa kituo chetu cha hali ya hewa, ameshika shina la kiazi mviringo. Majani yake yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto. Mimi nilikuwa ndani ya uzio na shahada yangu na kalamu. Vipimajoto vyangu vyote vilisema usiku ule baridi haikufika kwenye kuganda. Alitazama nyuma yangu, kwenye kipimajoto kilicholala chini uwanjani, akasema kwa sauti ya chini, "Yaani hata sasa hakijaona?" Kisha akateremka bondeni na shina lake.

Nitamwita Mama Sekela. Si jina lake, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini nimelificha.

Watu hucheka nikisema nimestaafu. Sina mvi hata moja. Lakini kituo kimefungwa, mkataba haukurefushwa, na walioniaga walitumia neno "kupumzishwa". Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na hasira, na bado ninazo, na nimeona afadhali niziweke kwenye maandishi zikiwa bado za moto, kwa ajili yenu mnaoanza kazi katika vituo vilivyobaki. Wastaafu wengine huandika kuhusu vyeo na semina. Vyeo sikupata, na semina nilizohudhuria zilikuwa na maandazi mazuri. Sina zaidi ya hapo.

Kituo kilikuwa juu ya Uyole, kule barabara inakopanda kwenda Kitulo, nchi ya viazi na pareto. Kuanzia Juni, anga likiwa safi na upepo umetulia, umande huganda juu ya majani kabla ya mapambazuko. Vitabu huuita sakitu. Kule juu watu husema tu barafu imepiga. Niliosoma nao chuo Dar es Salaam walinitumia ujumbe kuniuliza kama napima theluji. Niliwacheka mpaka nilipoiona fomu yetu ya mwezi. Ilikuwa na safu ya kina cha theluji. Mtu aliyeitunga huko alikokaa hakuweka safu ya sakitu, ambayo huunguza mashamba yetu karibu kila mwaka, lakini alikumbuka theluji. Na kila mwezi bosi wangu wa kituo, Mzee Gwakisa, aliweka sifuri kwenye safu ile kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, bila kucheka.

Niliwasili nikitokea kwetu Mafinga, na godoro, na ndoo, na sweta moja. Mzee Gwakisa alinipokea getini. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mwenye koti la mvua alilovaa hata wakati wa kiangazi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kamwene, Mhehe! Umeleta sweta ngapi?"

"Moja."

"Basi umekuja kutembea, hujaja kufanya kazi." Akachukua ndoo yangu. "Wamesema wananiletea msomi. Msomi anakunywa chai ya maziwa?"

"Anakunywa."

"Basi tutaelewana. Mhehe akishiba hasira zinapungua kidogo."

Siku ile ile alinipeleka uwanjani. Nitawaeleza kazi kama alivyonieleza, kwa sababu hakuna aliyenieleza vizuri kuliko yeye, pamoja na yote yatakayofuata. Kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za luva, vibao vilivyoinamishwa ili hewa ipite, husimama juu ya miguu yake, karibu na urefu wa kifua, na mlango wake hutazama kusini ili jua lisiingie ukiufungua. Ndani yake mna vipimajoto. Ukifungua, zuia pumzi. Soma desimali kwanza, halafu namba nzima, kwa sababu mwili wako ni jiko na kipimajoto kinakuhisi mara tu unaposogea. Usiiname wala usiinue kidevu. Jicho liwe sawa na kimiminika. Kisha kuna kipimajoto cha nyasi. Hicho ni kioo chembamba chenye spiriti, na ndani ya spiriti kuna kijiti kidogo cheusi. Baridi ikiongezeka, spiriti hujivuta na kukiburuta kijiti; joto likirudi, spiriti husonga mbele na kukiacha kijiti palepale. Kwa hiyo asubuhi kijiti hukuambia usiku ulishuka mpaka wapi. Unakilaza jioni jua linapozama, juu ya vipanda viwili vidogo vya mti, na unakiondoa asubuhi ukishakisoma, kabla jua kali halijakivuruga. Spiriti ikikatika vipande, shika kioo imara ukizungushe mkono kwa nguvu mpaka iungane. Mzee Gwakisa alifanya hivyo kama mtu anayetishia kumpiga mbwa.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo mwekundu mtupu, umefagiwa, alama za ufagio zimepangana kama nywele zilizochanwa. Niliupenda. Mama yangu hufagia hivyo hivyo. Kwetu uwanja wenye nyasi ni uwanja wa mvivu, na nyoka anajua hivyo. Kila Jumamosi mimi na Mzee tuliufagia kwa matawi, na wakaguzi kutoka ofisi ya juu walipokuja walisimama getini na kusema, "Kituo kisafi hiki. Vingine vijifunze kwenu." Walisema hivyo kila walipokuja, wakanywa chai, wakasaini, wakaondoka na viazi kwenye buti la gari.

Nilikuwa na maswali mengi. Kwa nini tunasoma saa tatu asubuhi wakati mkulima anataka kujua alfajiri? Kwa nini kituo kiko juu ya kilima, karibu na shule, wakati mashamba yako chini bondeni?

"Kwa sababu barabara iko hapa," alinijibu Mzee. "Waliokijenga hawakutaka kutembea. Andika namba, binti. Maswali yako ni mengi kuliko mvua ya Aprili."

Ndipo ikaja Juni yangu ya kwanza, na lile shina jeusi.

Lazima mjue Mama Sekela alikuwa anapoteza nini. Kule bondeni kulikuwa na mradi wa mbegu bora za viazi. Familia chache zilipewa vipande vya ardhi ya mradi, udongo mweusi wenye unyevu, ambao huko juu kwetu haupatikani. Mama Sekela alilima kipande kimoja na binti zake wawili, na kipande kile ndicho kilichowalisha. Sharti lilikuwa hili: viazi vikifa kwa janga, unabaki na kipande chako na unapewa mbegu nyingine. Vikifa kwa uzembe, kipande anapewa mwingine. Na nani ataamua kama ni janga au uzembe? Kama ni barafu, kituo. Yaani kijiti changu cheusi.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Afisa wa mradi, kijana wa rika langu mwenye buti mpya, alisimama ubaoni.

"Mama, kituo kinasema nyuzi tatu juu ya sifuri. Maji hayagandi kwa nyuzi tatu."

"Mimi sikupanda maji, baba. Nimepanda viazi."

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. "Huo ni ugonjwa wa baka jani. Hukupuliza dawa."

"Nilipuliza. Na baka jani gani linakula shamba zima kati ya magharibi na alfajiri? Halafu mbona limekula chini kote likaacha mistari ya juu kule barabarani? Linaogopa bodaboda?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mzee mmoja nyuma akapiga dawati. Nilidhani ameshinda. Swali lake lilikuwa la kisayansi kuliko yote niliyoulizwa chuoni, na hakuna aliyekuwa na haja ya shahada kuliona hilo. Lakini afisa alinigeukia.

"Dada wa hewa yupo hapa. Dada, kituo kilisoma ngapi?"

Nikasimama. "Kisandukuni, tatu."

"Na chini, kwenye nyasi?"

"Mbili."

"Juu ya sifuri?"

"Juu ya sifuri. Lakini kituo kiko kilimani, na usiku hewa baridi huteremka kama maji, hujaa bonde, kwa hiyo kule chini..."

"Dada, swali lilikuwa moja. Asante, kaa."

Nikakaa. Kipande cha Mama Sekela alipewa mtu wa Uyole aliyekuja kukiangalia akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu. Mwezi uliofuata nilimwona Mama Sekela akipalilia palepale, kwenye matuta yake mwenyewe, kama kibarua.

"Dada Hewa!" aliniita kutoka chini, akijinyoosha mgongo. "Leo itanyesha?"

"Haitanyesha, Mama."

"Basi nichukue mwavuli," akasema, na wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, na njia nzima ya kurudi kituoni nilipiga mateke kila bonge la udongo nililoliona.

Mwaka uliofuata, majira ya baridi yalipoanza tena, nilianza kuamka alfajiri kutazama. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa nimechoka kupata habari za usiku kutoka kwa kijiti, baada ya jua kuchomoza na ushahidi wote kuyeyuka. Asubuhi moja nikaona kitu ambacho nadhani nilikuwa nimekiona mara nyingi bila kukitazama. Uwanja wa mpira wa shule, hatua chache kutoka kwetu, ulikuwa mweupe. Nyasi zote zilikuwa zimevaa chumvi. Weupe ule ulikuja mpaka kwenye waya wa uzio wetu, ukakoma. Ndani ya uzio udongo ulikuwa mwekundu vilevile.

Nikamwita Mzee. Alitoka na kikombe chake, akasimama kando yangu, moshi wa chai ukimpanda usoni.

"Mzee, kwa nini barafu inaishia kwenye uzio?"

Akanywa kwanza. "Inaheshimu mali ya serikali."

"Mzee!"

"Unataka nikujibu nini? Nimekuta hivyo."

Tulikuwa na kipimajoto cha nyasi cha akiba, bado kimo ndani ya boksi lake. Nikasema jioni nitakilaza kule uwanja wa mpira. Mzee akakataa. Kipimo cha nje ya uzio si kipimo, alisema. Mbuzi watakikanyaga, watoto watakifanya filimbi. Nikamwambia nitakaa nacho mpaka mbuzi walale. Akanitazama kama mtu anayetazama mvua ikimjia bila mwavuli, halafu akaingia ndani akaniletea koti lake.

Asubuhi ya pili anga lilikuwa safi tena. Ndani ya uzio kijiti kilisimama kwenye mbili juu ya sifuri. Nje, kwenye nyasi fupi za watoto wa shule, kilisimama kwenye mbili chini ya sifuri. Ardhi ile ile, usiku ule ule, waya mmoja katikati. Mzee Gwakisa alivua miwani, akaifuta, akavaa, akasoma tena, desimali kwanza.

Sababu yake ni rahisi, na ninawaandikia ili asije mtu akawaambia ni jambo la wataalamu. Udongo mtupu ni kama figa: hunywa joto mchana na kulirudisha usiku, polepole, kwa kila kilicho juu yake. Nyasi ni blanketi. Joto la ardhi hubaki chini ya blanketi, na ncha za nyasi hubaki juu peke yake na anga, zikipoa kuliko kitu chochote. Majani ya kiazi yako katika hali ile ile. Ndiyo maana kile kifaa huwekwa juu ya nyasi, nyasi fupi zilizokatwa, na ndiyo maana kikapewa jina hilo. Jina lilikuwa kwenye boksi. Na sisi tulikuwa tumekilaza kwenye figa, kila siku, na kulifagia figa lenyewe kila Jumamosi.

Mama Sekela alipita mchana ule na jembe begani, akielekea kwenye kibarua. Nilikimbia getini. Sijawahi kumwita mtu kwa furaha kama ile.

"Mama! Njoo, njoo ndani! Nimepata jibu lako!"

Akaingia, akasimama pembeni kama watu wanavyosimama kwenye ofisi za serikali, jembe ameliegemeza kwenye uzio. Nikamweleza yote: figa, blanketi, kijiti cha ndani na kijiti cha nje. Alielewa upesi kuliko nilivyokuwa nikieleza.

"Kwa hiyo hapa ndani kungekuwa na nyasi," akasema, "ile siku kingeona?"

"Kingeona, Mama. Bila shaka yoyote."

"Na kipande changu?"

"Kingekuwa chako mpaka leo." Hasira zikanipanda upya nilipolisema. "Mtu mmoja mpumbavu! Nataka nimjue mtu aliyeng'oa nyasi za hapa. Unang'oaje nyasi kwenye kituo cha hali ya hewa? Mtu wa aina gani anafanya hivyo? Huyo ndiye aliyekunyang'anya shamba, Mama, si yule mtoto mwenye buti!"

Mzee Gwakisa alikuwa mlangoni na birika. "Binti!" Alinifokea, yeye ambaye hakuwahi kunifokea. "Punguza mdomo."

Mama Sekela aliutazama udongo wetu msafi. Aliutazama muda mrefu. Kisha akajifunga kitenge upya, akachukua jembe lake.

"Haya, mwanangu. Ndaga, asante."

"Chai je?"

"Siku nyingine."

Niliudhika. Nilikuwa nimemletea jibu la swali lililonitesa mwaka mzima, na aliondoka kama niliyemtukana. Nikamgeukia Mzee nikamuuliza, mbele ya birika lake, nani aling'oa nyasi. Akasema alilolisema siku zote: "Nimekuta hivyo."

Tulipanda nyasi. Tuliomba kwa mwalimu mkuu, tukakata vipande vya nyasi kwenye kona ya uwanja wa mpira, tukavipanga kituoni na kuvimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Kwa wiki kadhaa kituo kilikuwa kama shuka la viraka. Mzee alizikata kwa mkasi wa cherehani wa mke wake, amepiga magoti, akinung'unika kwamba hakuzaliwa kuwa kinyozi. Nyasi ziliposhika, baridi ya kwanza ilipokuja, kijiti kikashuka chini ya sifuri. Nakumbuka tulivyopeana mikono. Watu wawili wazima tukipongezana kwa sababu kumekuwa na baridi.

Halafu akaja mkaguzi. Ni yule yule aliyekuwa akitusifu. Alisimama getini pale pale anaposimama siku zote, na uso wake ukakunjamana.

"Mzee Gwakisa, nini hiki? Mbona mmechafua kituo?"

"Ni nyasi," nikasema mimi.

"Naona ni nyasi. Nauliza kwa nini."

"Kifaa kinaitwa kipimajoto cha nyasi, mkuu."

"Wewe binti unanifundisha kazi?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha namba za ndani na za nje. Nikamwomba jambo dogo: ofisi iandike kwamba vipimo vyetu vya chini vya miaka iliyopita si vya kutegemewa, ili mradi wa viazi uangalie upya waliofukuzwa. Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nilikuwa na vitabu mezani vimewekwa alama. Hakubisha. Alinivuta pembeni, karibu na kisanduku, akashusha sauti kama mtu mwema.

"Sikiliza. Unadhani mimi sijui kipimajoto cha nyasi kinawekwa wapi? Nimejifunza kazi hii kabla hujazaliwa."

"Sasa kwa nini kila mwaka ulisema..."

"Kwa sababu vituo karibu vyote viko hivi. Kimoja kikisema kilikosea, vingapi vitaulizwa? Takwimu zikishatumwa, zimetumwa. Acha nyasi zako, sawa, zinapendeza. Lakini ya nyuma yaache nyuma."

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo ninapoandika. Mtu asiyejua unaweza kumweleza. Huyu alijua. Alisimama getini mwaka baada ya mwaka, akauona udongo mtupu, akajua maana yake, akasema "kituo kisafi". Aliona ni rahisi zaidi kusifu.

Nilikwenda kwenye mradi mwenyewe. Yule mwenye buti alikuwa amehamia Rujewa, kwenye mpunga. Aliyemrithi alinisikiliza kwa adabu kubwa, akasema bila tamko la ofisi yangu hawezi kitu. Ofisi yangu ikasema bila ombi rasmi la mradi haiwezi kitu. Nilipanda na kushuka ile barabara ya Uyole mpaka madereva wa daladala za Noah wakaacha kuniuliza naenda wapi. Katika safari hizo zote nilikuwa na picha moja kichwani, Mama Sekela akirudi kwenye matuta yake na mimi nikiwa nimesimama pembeni. Haikutokea. Bondeni kipande kile kilijengwa kibanda na kufungwa geti.

Yeye mwenyewe alihamia sokoni Uyole, akauza viazi vya watu wengine kwa ndoo. Nilipopita aliniongezea viazi viwili vitatu juu, kama wanavyofanya, akaniuliza habari za kazi, na hata siku moja hakuniuliza tena habari za kile kipande. Nilidhani amekata tamaa. Nilikuwa na hasira kwa niaba yake, na nilimwambia hivyo.

"Hasira za Kihehe hizo," alisema, akifunga mfuko wangu fundo. "Zipunguze, mwanangu. Si kila jambo lina mtu wa kumpiga."

Mzee Gwakisa alifikisha umri, akarudi kwao Tukuyu kwenye migomba. Nilibaki peke yangu na mkasi. Miaka michache baadaye wakaja na mtambo. Ni mlingoti mzuri, una sola, una laini ya simu, unatuma vipimo wenyewe bila kunywa chai. Siupingi mtambo. Nauliza tu umewekwa wapi, na hilo ndilo swali ninalowaachia. Walimwaga zege, na kuzunguka zege wakamwaga kokoto kwenye uwanja mzima ili kusiote kitu. Nyasi zetu zilifukiwa asubuhi moja, kabla sijamaliza kusoma kisanduku. Kihisio chake cha joto kiko juu, zaidi ya kimo cha mtu. Chini hakuna kitu. Niliuliza sakitu itapimwa na nini. Fundi, kijana mpole, alifungua simu yake akatafuta, akasema, "Dada, kwenye orodha ya vipimo haimo." Mkaguzi alikuwepo siku ya uzinduzi. Alisimama getini. Mnajua alichosema.

Basi kama mmepangiwa kituo cha nyanda za juu, fanyeni haya hata kama hayamo kwenye orodha. Amkeni alfajiri mtazame nje ya uzio kabla ya kutazama ndani. Kilazeni kipimajoto chenu juu ya nyasi fupi, fupi, si ndefu. Kikizama kwenye nyasi ndefu ni kama kimejifunika shuka, hakihisi kitu. Mzee Gwakisa alinisisitizia hilo kuliko jambo lolote, na sikujua kwa nini. Na mkulima akija na shina jeusi, mwamini shina kwanza, halafu mkatafute kosa kwenye kifaa.

Nilipoanza kuandika haya mwezi uliopita, nilimpigia Mzee Gwakisa simu kumuuliza tena. Nilimwambia naandika, na nataka kumwandika kwa jina mtu aliyeng'oa nyasi.

"Usimwandike kwa jina," akasema.

"Kwa hiyo unamjua."

"Nilimwahidi, binti. Lakini wewe utaandika uongo ukiachwa hivyo, na utamtukana tena."

Akaniambia. Mwaka mmoja kabla sijafika alilazwa hospitali miezi kadhaa kwa ajili ya mguu, na kituo kikakaa bila mtu wa kukata nyasi. Zikakua mpaka magotini. Mke wake alikilaza na kukisoma kipimajoto kama alivyofundishwa, ndani ya majani yale marefu, na barafu ikapiga bondeni na kituo hakikuona. Wanawake wa bondeni walipanda mpaka kwenye uzio wakatazama, wakaona kioo kimezama majanini. Wakasema, kitaonaje kikiwa kimefunikwa? Wakamwomba mke wake ufunguo, wakaingia na majembe, wakapalilia uwanja mzima kama wanavyopalilia viazi, mpaka kwenye mizizi, wakaufagia, wakaondoka wakiimba. Mzee aliporudi hakuwa na moyo wa kuwaambia kwamba nyasi zilitakiwa kukatwa tu, si kung'olewa, na mkaguzi alipokuja alisifu.

Walifanya hivyo ili kifaa kiione barafu. Wazo lilikuwa la Mama Sekela, na jembe la kwanza lilikuwa lake.